Baba, Hamisi Hakuwa Anakimbiza Gari

Baba yangu,

Shikamoo. Naiandika huku nikijua hakuna wa kuniitikia, lakini mkono umekataa kuanza namna nyingine. Hali sikuulizi.

Barua hii naiacha wazi, aisome anayetaka, kwa sababu na wewe uongo wako uliusema wazi. Uliusema barazani, ukausema nje ya msikiti, ukausema kwenye harusi ya mdogo wangu Jumanne huku umeshika sahani ya pilau. "Mkwe wangu alikuwa anakimbiza gari," ulisema, na watu wakatikisa vichwa kwa huruma, wakakupa pole wewe.

Lakini nitaanza na mazuri yako. Nayo ni kweli, na ndiyo yanayonifanya niumie zaidi.

Mama alipofariki nilikuwa bado sijui hata kujifunga kanga vizuri. Shangazi wakaja kutoka Urambo kunichukua, wakisema mtoto wa kike halelewi gereji. Ukawajibu, "Mtoto wangu haondoki hapa." Ukanilea kweli, pale Ng'ambo, Tabora, katikati ya matairi na madumu ya oili. Ulinitandikia gunia chini ya meza ya kazi nikalala mchana. Ulinisuka nywele mwenyewe, vibaya, na mikono yako ilinuka grisi hata baada ya sabuni. Nilipoanza kupata akili, uliniwekea kiganja changu juu ya boneti la gari linalonguruma, ukaniambia nifumbe macho.

"Linasemaje, mama?"

"Linalia, baba."

"Linalia kwa kiu ya grisi au limepinda mahali?"

Nikikosea hukunicheka. Ulizima gari, ukalaza turubai, tukaingia wote chini, ukanionyesha. Wateja walikutania: "Fundi Mrisho, huyu binti yako atapata mume kweli?" Ukawajibu, "Atakayemtaka atakuja na gari bovu."

Na ndivyo alivyokuja Hamisi, na pikapu yake inayochemsha, amebeba asali ya Ipole ikimvujia siti nzima. Ulimpenda kabla yangu. Ulimwita mwanangu kabla posa haijaletwa. Siku ya ndoa ulilia, ukasingizia moshi wa kuni.

Nayasema haya ili anayesoma asidhani naandika juu ya mtu mbaya. Mtu mbaya ningeshamsahau.

Sasa nije kwenye Landrova.

Hamisi aliinunua kuukuu, kwa sababu pikapu ilikuwa imemshinda. Kazi yake ilimpeleka porini nyuma ya Ipole, kule warina asali wanakotundika mizinga, na masika njia zile zinageuka tope jeusi linalovuta matairi. Panapokauka kuna visiki. Mara nyingi alikwama tumbo la gari likiwa limekalia kisiki, akalala hapo mpaka apite mtu. Akaja kwako akiwa na heshima zake zote. "Mzee, naomba uniinulie hili gari kidogo."

Ukamwambia, "Nitakuinulia mpaka fisi apite chini bila kuinama."

Ukaliinua. Uliongeza majani ya springi, ukaweka vipande vya chuma kati ya springi na ekseli, ukafunga matairi makubwa. Lilipotoka gereji, mtaa mzima ulisimama. Ulikuwa mbele yake umevaa kofia yako nyeupe, utadhani bwana harusi. Ukaanza zile hadithi zako za babu wa babu yako aliyebeba pembe kutoka Ujiji hadi pwani: "Sisi ni ukoo wa wapagazi. Mzigo hautushindi, na njia haitushindi."

Baba, wewe ndiye uliyeniambia kwamba kuinua gari si kuinua kitanda. Nilikuwa binti mdogo, tumelala chini ya lori la tumbaku, ukanigusisha propela, kile chuma kirefu kinachozunguka kupeleka nguvu kutoka kwenye giaboksi hadi kwenye difu, lile bonge la katikati ya ekseli ya nyuma. Ukanionyesha krosi, viungo vyake vya mwanzo na mwisho vinavyoiruhusu ijikunje. Ukasema: "Hivi ni kama magoti. Goti linakunjika, lakini si kila upande na si kupita kiasi. Ukipandisha mwili wa gari juu na ekseli ikabaki chini, propela inasimama kama ngazi. Magoti yanakunjwa kupita kiasi kila inapozunguka. Yatavunjika tu." Ukaniambia pia dawa yake: unaweka kabari za chuma chini ya springi ili difu iinue pua na kuitazama propela, unaongeza urefu wa propela, unabadilisha mipira ya breki iwe mirefu ili isivutike, na shokapu vilevile.

Ulijua. Sitachoka kulisema hili. Ulijua.

Siku ya kwanza nilipopanda ilikuwa safari ya Goweko, kwenye msiba wa jamaa zake Hamisi. Mjini lilikwenda vizuri. Tulipotoka na kuongeza mwendo kidogo, sakafu ikaanza kuniwasha nyayo. Kisha kioo cha pembeni kikawa hakionyeshi kitu kwa kutetemeka. Ukipunguza, linatulia. Ukiongeza, linashikwa tena na homa.

Nilimwambia Hamisi asimame. Nikaingia chini na gauni langu la msiba. Nikaona grisi imerushwa duara kwenye sakafu ya gari, imetoka kwenye krosi ya mbele. Propela imesimama vilevile ulivyonieleza. Mpira wa breki ya nyuma umevutika kama uzi wa zeze.

Kesho yake nikaja gereji. Nilikuamkia, nikasubiri mteja wako amalize, lakini hakuwa na haraka, na mwengine akaja. Nikaona nisizunguke.

"Baba, Landrova ya Hamisi inatetemeka. Krosi inatema grisi. Inataka kabari, na mipira ya breki ni mifupi."

Hukuniangalia. "Gari refu linatetemeka, Zuhura. Umewahi kupanda ngamia?"

Wateja wakacheka.

"Baba, nimeingia chini nikaona mwenyewe."

Hapo ukageuka. Sijawahi kuiona sura ile kabla ya siku ile. "Hapa fundi ni nani? Nilikuachia uchezee spana ulipokuwa mtoto, sasa wewe ni mke wa mtu. Nenda kampikie mumeo."

Uliniambia hivyo mbele za watu. Wewe uliyekataa nipelekwe Urambo.

Nilikuwa na kiburi chako, sikulia pale. Nililia kwangu, jikoni, nikimpikia mume wangu kama ulivyoniagiza. Hamisi aliniambia, "Mama Salma, baba mkwe akisema liko sawa, mimi nani nimbishie? Gari likishainuliwa ndivyo linavyokuwa. Mzee amefanya alichoweza." Alikuheshimu kiasi hicho. Mtu hawezi kulipeleka gari lake kwa fundi mwengine akamfedhehesha mzee aliyempa mke.

Kwa muda mrefu sikujua kwa nini hukuweka kabari. Nilidhani ulisahau, au uzee umeanza. Nimejua mwaka huu, na nitalifikia.

Siku ya ajali Hamisi alikuwa anatoka porini na madumu ya asali. Mrina asali mmoja wa Ipole alikuwa nyuma yake kwa baiskeli. Kwa baiskeli, Baba! Katika njia ile ya visiki, na mzigo ule, Landrova ilikuwa inakwenda mwendo ambao mzee mwenye baiskeli aliuweza. Alinieleza mwenyewe, hospitalini, akiwa bado na damu ya Hamisi kwenye shati.

"Mwanangu, nilisikia mlio chini ya gari, kama mtu amepiga nyundo. Halafu chuma kikawa kinapigapiga ardhi. Palikuwa juu ya mteremko wa korongo. Akakanyaga breki, nikaona taa za nyuma zinawaka na kuzimika, tena na tena. Halikushika."

Krosi ya mbele ilikuwa imekatika. Propela ikaanguka ikizunguka, ikaupiga mpira wa breki uliokuwa umevutika, ukakatika. Gari likaserereka kwenye korongo, likapinduka, na madumu yote ya asali yakamwangukia Hamisi mgongoni.

Alinusurika. Watu husema "Alhamdulillahi," nami husema pia. Lakini kuanzia kiunoni kwenda chini, mume wangu hana habari na mwili wake. Umri wake unaujua. Kazi yake ilikuwa kutembea porini.

Landrova ilivutwa mpaka gereji kwako. Nilifika jioni ile nikitoka hospitali, kuchukua shuka zilizokuwa nyuma ya siti. Nilikukuta chini ya gari. Hukunisikia. Nilikuona ukizungusha ile krosi iliyokatika ukaing'oa, ukaifuta kwa kitambaa, ukaitazama kwa muda. Kisha ukatoka upande wa pili, ukaenda uani, ukaitumbukiza chooni. Nilisikia ikigonga ukuta wa shimo.

Uliporudi ukanikuta nimesimama.

"Baba, umeona nini chini?"

"Nimeona chuma kuukuu," ukasema. "Hamisi alikuwa anakimbiza."

Hivyo tu. Palepale, mkono wako bado una grisi ya kiungo kile, ulimgeuza mume wangu kuwa mzembe. Na kwa kuwa wewe ni Fundi Mrisho, mji ulikubali. Hamisi alipotoka hospitali na kuanza kukaa kwenye kiti chake cha magurudumu nje ya nyumba yetu, akiuza asali ya wenzake chupa moja moja, watu walimpa pole na kumalizia kwa nasaha: "Mwendo kasi, bwana. Haraka haraka haina baraka." Alikuwa akitabasamu. Binti yetu Salma alirudi kutoka shule siku moja akaniuliza, "Mama, ni kweli baba alitaka kushindana na magari?"

Nilitaka kuja kukuvua nguo siku ile ile. Hamisi ndiye aliyenishika mkono. "Muache mzee. Miguu yangu imeshakwenda. Nikimfedhehesha, itarudi? Mimi nimemsamehe. Hakukusudia, na gari lile lisingeweza kuwa vingine." Akaniapisha nisiseme neno ukiwa hai.

Nikanyamaza. Kila Idi ulikuja na nyama, ukaketi karibu na kiti chake, ukamwita mwanangu, ukamuuliza bei ya asali. Ulimtazama usoni. Chini ya kifua hukumtazama hata mara moja. Nilikuwa nakuangalia kutoka mlangoni, Baba. Nilikuwa nakungojea. Neno moja tu lingetosha, hata ungelinong'ona ukiwa unavaa viatu.

Ulipougua, ni mimi niliyekuuguza. Jumanne alikuwa na duka lake, mkewe ana mtoto mchanga. Nilikuogesha, nikakulisha uji kwa kijiko. Alasiri moja ulikuwa na nafuu, mvua imepita, nyumba iko kimya. Nikaona ndiyo nafasi, na kwamba huenda na wewe ulikuwa unaitafuta.

"Baba," nikasema, "kuna jambo la gari la Hamisi. Tuko wawili tu."

Ulinitazama. Nakuapia nilidhani umelifikia. Midomo yako ilifunguka. Kisha ukageukia ukutani.

"Mambo ya gari yamekwisha," ukasema. "Nipe maji."

Nikakupa maji.

Mazishini watu walijaa hadi barabarani. Mzungumzaji mmoja akasema kwamba Tabora imempoteza fundi ambaye mkono wake haukuwahi kuharibu gari la mtu. Hamisi alikuwa amekaa kwenye kiti chake pembeni mwa wanaume waliosimama, akaitikia "Amina" kwa sauti. Mimi nilikuwa ndani na wanawake. Niliisikia ile amina yake kupitia dirishani, na ndipo nilipojua kiapo changu kimeisha.

Baada ya matanga, Jumanne alitaka Landrova iuzwe kama vyuma chakavu. Ilikuwa bado nyuma ya gereji chini ya turubai, kuku wanatagia ndani. Nikamwambia haiuzwi, naitengeneza. Akanitazama kama ulivyonitazama wewe, lakini yeye hana ubavu wako. Akanipa funguo za gereji.

Kabari zilihitaji mtu mwenye mashine ya kukereza, na propela ilihitaji kuongezwa urefu na kusawazishwa. Mtu wa kazi hiyo ni mmoja tu hapa karibu: Nestori, yule kijana wa Ulyankulu aliyefungua karakana upande wa pili wa barabara kutoka kwako. Nikampelekea. Aliishika propela, akaigeuza, akakaa juu ya kreti.

"Dada Zuhura, kazi hii nilimngoja mzee ailete."

"Ulijuaje?"

"Siku ile gari lilipotoka kwenu limeinuliwa, lilipita hapa. Niliona propela ilivyosimama. Nikasema, leo au kesho Fundi Mrisho ataniletea, maana mwingine wa kuifanya hayuko. Hakuja. Nikavuka barabara nikamwamkia, nikamwambia, mzee, kabari nitakukerezea, na sihitaji chochote, iwe ujirani tu."

"Akasemaje?"

Nestori akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyezoea. "Shikamoo yangu hakuiitika. Aliwaambia vijana wake, kwa sauti nisikie, kwamba yeye hapigi hodi kwa mkimbizi. Mimi nimezaliwa hapahapa, dada. Babu ndiye aliyekimbia Burundi; baba yangu naye kakulia hapahapa."

Basi ndiyo hivyo. Hukusahau wala hukuzeeka. Dawa ilikuwa ng'ambo ya barabara, ilikuja yenyewe mpaka mlangoni kwako, ikakuamkia. Ukaona bora mkweo apande gari linalotetemeka kuliko watu wakuone unavuka barabara kwenda kwa Mrundi. Miguu ya mume wangu ilikwenda kwa jambo hilo, Baba. Nilikuwa nimejiandaa kukuta kosa la fundi. Kosa la fundi ningelisamehe, kwa maana na mimi ni fundi.

Nilifanya kazi ile mwenyewe, Nestori akinikerezea. Niliondoa vile vipande vyako vya chuma, nikalishusha gari kidogo, maana porini halihitaji kuwa refu vile. Ule urefu mwengine ulikuwa wa kutambia barazani. Nikaweka kabari mpaka difu ikaitazama propela sawasawa. Nikafunga krosi mpya, mipira mirefu ya breki, shokapu zinazofika. Usukani nao ulikuwa umeharibiwa mwelekeo na ule urefu, nikaurekebisha. Haikuwa miujiza. Ilikuwa kazi ambayo ulinifundisha nikiwa na meno ya utoto.

Siku ilipokuwa tayari, Jumanne na Nestori walimbeba Hamisi wakamketisha kando yangu. Alikuwa hajapanda gari lile tangu ajali. Alijifunga mkanda, akashika mlango kwa nguvu. Tukachukua njia ya Sikonge, hii ya lami. Nikaongeza mwendo taratibu. Tulipofika mwendo ule wa homa, niliona vidole vyake vikibadilika rangi kwenye mpini wa mlango. Nikaupita. Nikaongeza tena. Kioo cha pembeni kilionyesha barabara yote nyuma yetu, imetulia, mti kwa mti.

Alitoa mkono mlangoni, akaweka kiganja juu ya dashibodi.

"Halitetemeki," akasema.

"Halitetemeki."

Tukaendelea. Miombo ilikuwa imeanza kutoa majani mapya mekundu, nikadhani anaitazama. Kisha akauliza, polepole, kama mtu anayeogopa jibu:

"Kumbe lilikuwa linawezekana?"

"Ndiyo, baba Salma."

"Kazi ya muda gani?"

"Siku chache tu."

Akageukia dirisha lake. Sikumsikia, ila niliona mabega. Baba, Hamisi hakulia hospitalini alipoambiwa hatatembea. Hakulia walipomwita mzembe. Siku ile alilia mpaka nikasimamisha gari pembeni, na nilipomgusa akaniondoa mkono.

Alikuwa amekusamehe akiamini kwamba gari lile lisingeweza kuwa vingine. Nimemtengenezea lile gari kwa mapenzi, na kwa kufanya hivyo nimemwondolea alichokuwa ameegemea. Toka siku ile hajakutaja. Jumanne alipokuja kusema twende tukazuru kaburi, Hamisi alisema ana wateja.

Wajue sasa wote waliokula ile pilau: Hamisi hakuwa anakimbiza gari. Alikuwa na mwendo wa baiskeli, na imani kwa baba mkwe wake.

Yasini nakusomea kila Alhamisi, kwa kuwa ni haki ya mzazi na sitaki kudaiwa na Mungu. Nafagia kaburi lako. Salma nimemwambia babu yake alikuwa fundi hodari, na nimemwambia pia mengine yote. Kama huko uliko mtu huruhusiwa kuomba radhi, usiniombe mimi kwanza. Anza na Nestori, mwitikie salamu yake. Kisha uende kwa Hamisi, na usimtazame usoni tu.

Lala, Baba.

Mwanao wa kwanza,
Zuhura